Kinyama, Sindano na Picha: Uhakiki wa Tafsiri ya Karatasi ya Ridhaa

Mwandishi wa makala haya aliletewa karatasi ya kurasa mbili, akaombwa aipitie kabla haijapigwa chapa upya. Ni karatasi ya ridhaa, yaani ile anayopewa mgonjwa aisome, au asomewe, kisha atie sahihi au dole gumba kabla ya kufanyiwa jambo la kitabibu. Imefasiriwa kutoka Kiingereza. Hospitali iliyoitoa hatutaitaja, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari ameona uvimbe ndani ya tumbo la mgonjwa, pengine katika ini, figo au kongosho, naye anataka kujua uvimbe huo ni wa namna gani. Badala ya kumpasua, atampa ganzi ya mahali pale, atapitisha sindano ndefu katika ngozi mpaka kwenye uvimbe, huku akitazama katika kioo cha mashine ncha ya sindano imefika wapi. Kisha atatoa sehemu ndogo sana ya uvimbe ipelekwe maabara. Kazi hii imeanza kuenea kwetu. Tangu mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa ushirikiano na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, imekuwa ikiwafunza madaktari wa Kitanzania tiba zinazofanywa kwa msaada wa picha, na kuchukua sampuli kwa sindano ni mojawapo ya mambo wanayofunzwa. Kwa hiyo karatasi za namna hii zitaongezeka, na hatuna budi kuzitazama mapema.

Sentensi ya kwanza ya karatasi tuliyoletewa yasema: “Utakatwa kinyama kwa sindano ya tumbo ikiongozwa na picha.”

Hakuna neno katika sentensi hiyo ambalo si la Kiswahili. Yote yamo katika kamusi, na mfasiri anaweza kujitetea kwa kila moja. Hata hivyo tulipomsomea bibi mmoja jirani yetu, ambaye si mtu wa kushtuka ovyo, alituuliza: “Mwanangu, hao watu nimewakosea nini hata wanikate kinyama?”

Bibi huyo hakukosea. Kiambishi *ki-* kina kazi nyingi, na mbili kati yake zinagongana hapa. Ya kwanza ni kudunisha: kijumba, kijiti, kinyama, yaani nyama ndogo. Ya pili ni kueleza namna ya kutenda: kiungwana, kizembe, kinyama, yaani kwa namna ya mnyama. Sasa neno hili likikaa mara tu baada ya kitenzi, tena kitenzi chenye maumivu ndani yake, sikio la Mswahili huchukua maana ya pili bila kusita. Alipigwa kinyama. Aliuawa kinyama. Utakatwa kinyama. Madaktari na wauguzi wamekuwa wakisema “tutachukua kinyama” kwa miaka mingi na hawajaleta maafa, kwa sababu wanapotamka hivyo huonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa kitu chenyewe, na uso wao haufanani na uso wa mtu katili. Karatasi haina vidole wala uso. Hili ni jambo ambalo wafasiri wengi husahau: neno linalotosha mdomoni huenda lisitoshe likiandikwa.

Tena kuna hicho kitenzi *kukata*. Mgonjwa akikisikia huona kisu, na hali sababu kubwa ya kubuniwa kwa njia hii ni kuepuka kisu. Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi vya kutoa kitu kidogo katika kitu kikubwa. Tuna *kumega*, lakini huko ni kwa mkono na ni kwa ugali. Tuna *kunyofoa*, lakini ndani yake mna nguvu na kuchanika. Tuna *kuchopoa*, ambako ni kutoa kwa haraka kilichokuwa kimebanwa au kuchomekwa, ila wachopozi wa mifukoni wameliharibu neno hilo. Tuna *kudokoa*, na kwa kweli ndilo lililo karibu zaidi na kitendo chenyewe kwa udogo na kwa wepesi. Lakini nani ataandika katika karatasi ya serikali kwamba daktari atalidokoa ini la mtu kama mtoto adokoavyo nyama chunguni? Baada ya kupima yote hayo tunaona *kuchukua* kunatosha. Ni kitenzi kikavu, na katika karatasi ya ridhaa ukavu ni sifa njema. Na kinachochukuliwa kiitwe *sampuli*. Neno hili limekaa kwetu muda mrefu. Mkulima aliyepeleka udongo wake kupimwa analijua, na mtu wa idara ya maji analijua.

Wapo watakaouliza kwa nini tusibuni neno moja la Kiswahili mahali pa *biopsi*. Tungewakumbusha asili ya neno lenyewe. Lilibuniwa mwaka 1879 na daktari wa ngozi wa Kifaransa, Ernest Besnier, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya uhai na jingine lenye maana ya kuona, ili kutofautisha uchunguzi wa sehemu iliyotoka katika mwili ulio hai na ule wa maiti. Mtu akiyafasiri maneno hayo mawili na kuyaunga atapata kitu kama *uonahai*, ambacho hakimwelezi mgonjwa lolote, na daktari hatakitumia. Acha madaktari waendelee na *biopsi* katika vitabu na mihadhara yao. Mgonjwa na aelezwe kitendo.

Tuje kwenye *sindano*. Hapa kosa ni la siri zaidi, kwa maana neno lenyewe ni sahihi kabisa. Sindano ni chombo, na fundi cherehani analo jina hilo kabla ya daktari. Lakini huko hospitalini neno limehama. Mtu akisema “nimechomwa sindano mbili” hasemi habari za chombo, anasema habari za dawa. “Sindano ya malaria” ni dawa ya malaria iliyotiwa kwa sindano. Kwa hiyo “sindano ya tumbo” kwa mgonjwa ni dawa ya tumbo. Atalala kitandani akitaraji kutibiwa, atakwenda nyumbani akiamini ametibiwa, na huenda asirudi kuchukua majibu, kwani mtu aliyekwisha kupata dawa anarudia nini? Maana imegeuka nyuma mbele: sindano ya kutoa imekuwa sindano ya kutia.

Kwa watu wazima kuna jambo la ziada. Wengi wanakumbuka enzi ambazo mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa alichomwa sindano tumboni siku baada ya siku, kumi na nne na pengine zaidi, kwa chanjo iliyotengenezwa kutokana na ubongo na uti wa mgongo wa wanyama. Chanjo za sasa ni nyingine, nazo hutiwa mkononi. Lakini maneno “sindano ya tumbo” yangali na kumbukumbu hiyo, na mfasiri anayeyaandika bila kujua hilo anamtisha mgonjwa kwa jambo lisilohusika.

Dawa ya kosa hili haitoki katika kamusi bali katika sarufi yetu wenyewe. Kiswahili husema kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, chombo cha kuchotea. Basi hii ni *sindano ya kuchukulia sampuli*. Kiambishi kile kifupi cha kutendea kinaeleza kazi ya chombo, na mgonjwa hawezi tena kudhani anatiwa dawa. Na neno *tumbo* liachwe kila inapowezekana kutaja kiungo. Tumbo kwa Kiswahili ni nje na ndani, ni mahali pa chakula na mahali pa mimba. Waandishi wa biolojia walitafuta njia ya kutoka kwa kulitumia neno *fumbatio*, na katika darasa linafaa. Lakini mgonjwa anaujua uvimbe wake uko kwenye ini. Aandikiwe ini.

Kuhusu sindano zenyewe, karatasi yetu yachanganya mbili ambazo ni tofauti. Ipo sindano nyembamba inayofyonza seli chache, na ipo nene kidogo yenye pengo karibu na ncha, ambayo hukata na kutoka na kitu kilichofanana na kipande cha uzi, urefu wa sentimita moja au mbili. (Hapo kwenye hiyo ya pili, tukubali, *kukata* ni kweli.) Ya kwanza humwonyesha mtaalamu seli zilizotawanyika, ya pili humwonyesha jinsi seli zilivyopangika. Mfasiri ameandika “sindano ndogo ya namba 18 au kubwa ya namba 22”. Bila shaka alidhani kwamba 22 ni kubwa kuliko 18, kama ilivyo sokoni. Namba za sindano huenda kinyume, kama zile za nyaya ambako zilitoka: ya 18 ina unene wa takriban milimita 1.3 na ya 22 takriban milimita 0.7. Namba hizo hazina kazi katika karatasi ya mgonjwa. Unene utajwe kwa milimita, au usitajwe kabisa.

Kisha kuna chombo chenye springi kinachoisukuma ile sindano nene kwa ghafula. Kwa Kiingereza madaktari hukiita kwa jina la bunduki, kwa mzaha wa kikazi. Mfasiri, kwa uaminifu wake, ameandika “bunduki ya biopsi”. Tungependa kujua ni mgonjwa gani atakayetia sahihi ili apigwe bunduki ya ini. Lakini jambo lililokusudiwa ni la maana: chombo hicho hulia kikifyatuka, na mgonjwa asiyeambiwa hushtuka na kujitikisa wakati sindano imo ndani. Kiswahili kina *kufyatuka*, neno la mtego, na lafaa hapa: “Utasikia mlio mfupi kama wa mtego ukifyatuka. Usitikisike.”

Tumefika kwenye *picha*, nasi hatutakaa sana. Picha kwa mtu wa kawaida ni kitu kilichokwisha kupigwa, kinachukuliwa ndani ya bahasha kwapani. “Sindano ikiongozwa na picha” humfanya adhani daktari ataitazama bahasha ile. Katika ultrasaundi ni kinyume chake: daktari huiona sindano ikitembea wakati ule ule. Katika siti skani mgonjwa huingizwa na kutolewa katika mashine mara kadhaa, na kila mara sindano husogezwa kidogo kisha hutazamwa imefika wapi. Njia hizi mbili zina historia fupi. Mwaka 1972 Hans Henrik Holm na wenzake huko Copenhagen, na Barry Goldberg huko Philadelphia, walieleza vifaa vya ultrasaundi vilivyotobolewa tundu la kupitishia sindano. Mwaka 1976 John Haaga na Ralph Alfidi wa Cleveland walieleza kazi hiyo hiyo kwa siti skani, miaka mitano tu baada ya mgonjwa wa kwanza kupigwa siti skani mjini London. Kabla ya hapo daktari alitegemea vidole vyake: aligotagota mbavu akisikiliza mahali sauti inapokuwa nzito, akajua ini liko hapo. Hivyo ndivyo ilivyotumika sindano ya Giorgio Menghini wa Italia, aliyoitangaza mwaka 1958, iliyokaa ndani ya ini kwa muda wa sekunde moja hivi. Karatasi yetu inaiita njia hiyo ya zamani “biopsi ya kipofu”. Hakuna kipofu aliyehusika. Ni kuchukua sampuli *kwa kupapasa*, au *bila kutazama ndani*.

Lililo baya zaidi katika sehemu hiyo ni kichwa cha habari kisemacho “Mionzi”, na chini yake ultrasaundi imeelezwa kuwa ni “mionzi ya sauti”. Hii si tafsiri mbovu tu, ni elimu mbovu. Mionzi, kwa matumizi yaliyokwisha kuzoeleka, ni ile ya eksirei, ambayo kwa wingi wake hudhuru mwili, na ndiyo inayotumika katika siti skani. Ultrasaundi haina mionzi hiyo. Ni mawimbi ya sauti yenye mitikisiko mingi mno hata sikio lisiyasikie: sikio la binadamu hukoma kwenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde, na mashine za kutazamia tumbo hutumia milioni mbili hadi tano. Mwanamke mjamzito aliyesoma kwamba ultrasaundi ni mionzi ana haki ya kuikataa, na atakuwa amekataa kwa sababu ya mfasiri. Tungeandika mara ya kwanza “mawimbi ya sauti isiyosikika, yaani ultrasaundi”, na baada ya hapo “ultrasaundi” peke yake, kama watu wanavyosema. Wale wanaosikitika kwamba hatuna neno la kwetu na wakumbuke *uyoka*, lililoingizwa katika kamusi kwa maana ya eksirei. Ni neno zuri. Hakuna anayeliulizia dirishani.

Yote tuliyoyasema mpaka hapa yaweza kumtisha mgonjwa, kumchekesha, au kumpoteza. Yafuatayo yaweza kumtoa damu.

Ini likitobolewa hutoka damu kidogo, kisha damu huganda na kukoma. Kwa hiyo kila karatasi ya namna hii huuliza kama mgonjwa anatumia dawa zinazozuia damu kuganda, maana huenda daktari akazisimamisha kwa siku kadhaa kabla. Waingereza, katika lugha yao ya nyumbani, husema kwamba dawa hizo huifanya damu kuwa nyembamba. Mfasiri wetu ameandika: “Je, unatumia dawa za kupunguza damu?”

Nani atajibu ndiyo? Katika kliniki zetu kila mama mjamzito anaijua *dawa ya kuongeza damu*, na kila mtu anajua kwamba *upungufu wa damu* ni ugonjwa. Dawa ya kupunguza damu, basi, ni dawa ya kumtia mtu ugonjwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeimeza. Mzee anayekunywa aspirini kila asubuhi kwa ajili ya moyo wake atasema “hapana”, na atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa Kiswahili alichoulizwa. Muuguzi ataandika “hapana”. Daktari atasoma “hapana”, naye ataingiza sindano. Katika mnyororo huo wote hakuna aliyesema uongo wala aliyezembea, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amekaa mezani na kamusi yake miezi mingi kabla. Swali liwe hivi: “Je, unatumia aspirini, walfarini, au dawa nyingine yoyote ya kuzuia damu isigande? Kama huna hakika, njoo na dawa zako zote.” Ni refu kuliko la mfasiri. Na liwe refu.

Vivyo hivyo na pumzi. Ini limekaa chini ya kiwambo, nalo hushuka mtu akivuta pumzi na kupanda akiishusha, kwa sentimita kadhaa. Daktari anayelenga uvimbe mdogo anahitaji mgonjwa asimamishe pumzi, tena kwa kiasi kile kile kila mara. Karatasi yasema: “Shikilia pumzi yako hadi utakapoambiwa kuiachilia.” Hiki ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Katika vyumba vyetu vya eksirei wapiga picha hawajapata kusema hivyo, wao husema, “Vuta pumzi. Bana. Haya, pumua.” Maneno manne au matano, na kila mgonjwa huyaelewa palepale. Ni ajabu kwamba mfasiri hakwenda hata siku moja kusimama mlangoni pa chumba kile akasikiliza. Angalisikiliza kwa nusu saa, nusu ya karatasi yake ingalijiandika yenyewe.

Mwisho wa karatasi pameandikwa: “Majibu yakiwa hasi, huna saratani.” *Hasi* ni istilahi halali ya hesabu, ingawa mfugaji aliyezoea kuhasi mafahali atasita kidogo. Shida ni hiyo “huna saratani”. Sindano huweza kupita kando ya uvimbe, au kugusa sehemu yake iliyokufa, na maabara isione kitu. Sampuli kutoonyesha saratani si sawa na saratani kutokuwamo, na Kiingereza cha asili, ambacho tulikiona, kilikuwa kimelisema hilo kwa uangalifu. Mfasiri alifupisha. Iandikwe: “Pengine sampuli haitaonyesha saratani. Hapo daktari atakueleza kama hilo linatosha au kama kuna haja ya kuchukua sampuli nyingine.”

Kwa sentensi ya kwanza, tulipendekeza hivi: “Daktari atachukua sampuli ndogo ya uvimbe ulio kwenye ini lako ili ipimwe maabara. Ataichukua kwa sindano maalumu ya kuchukulia sampuli, atakayoipitisha katika ngozi baada ya kukupa ganzi. Wakati wote atakuwa akitazama katika kioo cha mashine mahali sindano ilipofika. Hii si dawa, wala si upasuaji.” Sentensi moja imekuwa nne. Afisa mmoja alilalamika kwamba karatasi itapita kurasa mbili, nasi tulimjibu kwamba namba za sindano na ile bunduki zikiondolewa nafasi itapatikana.

Karatasi imekwisha kupigwa chapa upya, na nakala tumeiona. *Kinyama* kimetoka, bunduki imetoka, mionzi imewekwa mahali pake kwenye siti skani. “Dawa za kupunguza damu” zimebaki. Tulipouliza tuliambiwa kwamba madaktari wenyewe wameomba zibaki, kwa kuwa ndivyo wanavyosema wao kwa wao, na wamezoea. Tumeomba istilahi hiyo iwekwe ya kwanza katika orodha ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi za afya, na kwamba safari hii waalikwe wauguzi wanaouliza swali hilo, siyo madaktari wanaosoma jibu peke yao.